Soko la maji Thailand: mkichelewa kuamka msilaumu soko

Wiki hii barua nyingi ni za Thailand. Sishangai. Wafanyabiashara wanaokwenda Bangkok kufunga mzigo wa nguo Pratunam hubakiwa na siku moja mkononi, na kila mmoja ameshaona picha ya mama mwenye kofia pana ya majani akiuza maembe juu ya mtumbwi. Hilo ndilo soko la maji.

Nina siku moja tu ya kutembea. Niende soko lipi? (Msomaji, Kariakoo)

Siku gani? Hujasema. Kama ni kati ya Jumatatu na Alhamisi, nenda Damnoen Saduak, mkoa wa Ratchaburi, kama kilomita 100 kutoka Bangkok. Ikiwa ni Ijumaa hadi Jumapili, mimi ningekwenda Amphawa, soko la alasiri. Unafika saa tisa, unakaa kwenye ngazi za mfereji miguu ikikaribia maji, na chini yako mama anachoma kamba na ngisi humo humo mtumbwini, jiko la mkaa liko mbele ya magoti yake. Giza likiingia panda boti ya kwenda kutazama vimulimuli. Hukaa kwenye miti inayoitwa lamphu, ndugu wa mlilana wa mikoko yetu. Ukiambiwa boti inaondoka "nueng thum", yaani "thum ya kwanza", ujue ni saa moja usiku. Wathai nao, katika mazungumzo, huanza kuhesabu saa za usiku pale pale tunapoanza sisi.

Damnoen Saduak Jumatatu wanafungua?

Kila siku. Nilijibu mwezi jana, nikajibu na mwezi juzi.

Jamaa waliokwenda wanasema Damnoen Saduak ni feki, maigizo ya watalii. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Hao jamaa walifika saa ngapi? Nauliza kwa sababu kila anayeniletea lalamiko hili alifika saa nne na nusu, na basi la watalii, akakuta wenzake mia wamefika na basi lao.

Mfereji wenyewe si feki. Ulichimbwa kwa amri ya Mfalme Mongkut kuanzia 1866 hadi 1868, kilomita 32, kuunganisha mito ya Mae Klong na Tha Chin. Wakulima wakauchepushia vijifereji hadi mashambani, na mazao yakawa yanatoka kwa mtumbwi kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Barabara zilipofika, nani tena apige kafi kutwa nzima wakati lori linabeba nazi zote kwa safari moja? Masoko ya maji yalififia sehemu nyingi. Hili limebaki kwa sababu ya fedha za wageni, na mama anayekuuzia embe leo halei watoto wake kwa maigizo.

Fika saa moja asubuhi. Utakuta mitumbwi michache, moshi wa supu, wanawake wanauziana mboga wao kwa wao. Saa nne ni sumaku za friji na suruali zenye picha za tembo, na boti za injini zimebanana kama daladala Mbagala. Ukitaka soko ambalo wenyeji bado wapo, tafuta Tha Kha, mkoa wa Samut Songkhram: mwishoni mwa juma, na kwa kalenda ya zamani siku ya 2, 7 na 12 mwezi ukikua na ukipungua. Mtumbwi hufuata maji. Mtu wa Mombasa sina haja ya kumweleza.

Nilitozwa boti bei ya kutisha. Niliibiwa?

Ulipelekwa. Hata mimi mara ya kwanza dereva alinishusha kwenye gati la mtu binafsi, mbali kidogo na soko, akaniambia "soko ndilo hili, bila boti huingii". Uongo. Kutembea kando ya mfereji ni bure. Dereva ana chake pale gatini, kama mpiga debe yeyote. Panda haisi za abiria kutoka kituo cha mabasi ya kusini, Bangkok, shuka sokoni penyewe, kisha ukitaka boti patana kabla hujakanyaga ndani. Kinachoniudhi ni mtu kumlipa dalali bila kuuliza, halafu anakwenda kumkaba bibi wa maembe kwa baht kumi.

Sisi Waislamu tutakula nini huko? (Msomaji, Unguja)

Epukeni kwanza supu ya tambi za mtumbwini, maarufu kuliko vyote. Mchuzi wake huzidishwa uzito kwa damu ya nguruwe au ya ng'ombe, na damu ni damu. Mafuta ya nguruwe nayo hutumika sana majikoni, kwa hiyo hata mboga za kukaanga ulizia, au tafuta alama ya halali ya Kiarabu.

Lakini kuna khanom khrok. Unga wa mchele na tui la nazi, vinamiminwa kwenye chuma chenye vishimo, kinafunikwa, vinatoka vya duara kwa chini na laini kwa juu. Muuzaji huvipachika viwili viwili. Ni vitumbua visivyo na hamira wala iliki, vyenye chumvi kidogo na majani ya kitunguu. Niliposimama pale nilimkumbuka bibi yangu, ingawa yeye angesema havijaiva.

Kupiga picha na yule mnyama mwenye macho makubwa ni bei gani?

Usipige. Huyo ni loris, ndugu wa komba, analindwa kisheria, na ni mnyama wa usiku anayesimamishwa juani ili wewe upate picha.

Treni ya kupita katikati ya soko ipo hapo hapo?

Hapana. Ipo Maeklong, karibu na Amphawa. Wenyeji huliita soko la kukunja miavuli. Wakianza kukunja, nawe ondoka relini.

Kadi ya homa ya manjano wanaiangalia kweli?

Ukitokea Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, ndiyo. Na chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo ile ya usiku wa kuamkia safari haikusaidii.