Maswali na majibu: Msimbo umenifikia, maelezo yako wapi?

Wiki hii karibu kila aliyeniandikia ana kesi ya kupeana misimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta. Nimechagua maswali matano.

Kaka, rafiki yangu wa Nairobi alinipa kipande cha msimbo cha malipo. Kwake hakina shida. Kwangu hapa Uganda, mteja wa shilingi 50,000 ameombwa 5,000,000! Tatizo ni nini? (Jinja)

Pole, na umpigie huyo mteja kabla hajakupigia yeye. Mifumo mingi ya malipo huhesabu fedha kwa kipimo chake kidogo kabisa: dola 1 huandikwa 100, yaani senti, ndiyo maana msimbo unazidisha mara 100. Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, shilingi ya Kenya ina desimali 2. Ya Uganda ina 0. Rafiki yako hakukosea hesabu, ila hakukuandikia mstari mmoja juu ya msimbo: "Kiasi hiki ni kwa senti."

Sikucheki, maana na mimi yalinikuta. Niliwahi kuwapa wenzangu mistari minne ya kusafisha namba za simu: inakata sifuri ya mwanzo, inabandika 256 ya Uganda, na 0772 inakuwa 256772. Ilitumika miezi kadhaa bila neno. Siku moja mwenzangu akailisha orodha iliyotoka Excel. Excel ikiona 0772 hudhani ni hesabu, sifuri inaliwa. Msimbo wangu haukuuliza tarakimu ya kwanza ni ipi, ukakata tu, na safari hii ikaenda 7. Kila namba ikatoka na tarakimu 11 badala ya 12, na hakuna ujumbe uliomfikia mtu. Tulishinda tukiilaumu kampuni ya simu.

Leo mistari ile inaanza na maneno haya: "Inapokea tarakimu 10 zinazoanza na 0. Nyingine zote inazikataa." Na kweli inazikataa, kwa sababu sharti hilo nimeliandika ndani ya msimbo pia. Ukimpa mtu kipande, mwambie kinachoingia, kinachotoka, toleo la lugha ya programu ulilotumia, na hasa mahali ambapo wewe mwenyewe hujakijaribu. Hilo la mwisho watu hulionea haya.

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp tunatumiana picha za skrini. Anayetuma maandishi naye, nikinakili napata kosa kwenye alama za nukuu. Tufanyeje? (Arua)

Picha haitafutiki wala hainakiliki, na aliyeipiga kwa simu huku skrini inameremeta hukuachia kazi ya kubahatisha kama ile ni 1 au l. Hizo nukuu ni simu inayojifanya fundi wa kuchapa: nukuu zilizonyooka inazigeuza kuwa zilizopinda, na lugha za programu hazizitambui. Ufungue msimbo kwa vialama vitatu vya ``` na uufunge hivyo hivyo, herufi zitapangika kwa upana mmoja. Nukuu zilizokwisha kupindwa hilo haliziponyi, kwa hiyo zima mpangilio huo kwenye simu. Kwa lugha ya programu ya Python, ambako nafasi moja iliyopotea mwanzoni mwa mstari inavunja kila kitu, tuma faili yenyewe.

Nilipakia GitHub, ule mtandao wa kutunzia msimbo, faili yenye ufunguo wa siri wa seva. Nimeshaufuta. Niko salama, sivyo? (dada wa Mbale)

Hapana, dada yangu. Git, programu inayotunza kila badiliko la faili na ambayo GitHub imejengwa juu yake, kazi yake ni kukumbuka, na ufunguo bado umo kwenye historia. Ubatilishe sasa hivi, utengeneze mwingine, historia utaisafisha baadaye. Na kama faili hiyo ina majina na simu za wateja halisi, kumbuka Uganda tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019. Mifano tumia ya kubuni.

Msimbo niliouandika kazini naweza kuwapa wenzangu wa nje? (Kampala)

Soma mkataba wako. Mkataba usiposema lolote, sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inampa mwajiri kazi uliyoifanya ukiwa kazini. Omba ruhusa kwa maandishi, au eleza njia uliyotumia na mwenzako aandike yake. Vya mtandaoni pia vina wenyewe: leseni ya MIT, mojawapo ya leseni huria, inakuruhusu kutumia mradi uache tangazo lake mahali pake, lakini msimbo usio na leseni yoyote haumaanishi "chukua tu".

Maelezo niandike kwa lugha gani, na niyatunze wapi wakati umeme na bando havitabiriki? (Gulu)

Lugha ya atakayeyasoma. Timu yangu tunachanganya, na hakuna aliyekufa. Nililokataa ni neno "kodi" peke yake kwa maana ya msimbo: siku niliyoandika "kodi imerekebishwa", mhasibu alikuja mbio mezani kwangu akiuliza asilimia ngapi.

Kuhusu kuyatunza, mimi natumia faili za maandishi matupu ndani ya folda moja, chini ya Git. Tangu Linus Torvalds aianzishe 2005, Git inafanya kazi kwenye mashine yako mwenyewe bila mtandao. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi, folda hiyo niliipeleka kwa jirani kwa flashi, nikarudi na ya kwake.