Kabla hujazima tanuru la vioo kwa ajili ya sikukuu

Juzi nimepata ujumbe kutoka Makambako. Kijana na wenzake wamenunua tanuru la mtumba la kuchoma vioo, wameanza na milango ya maduka na vioo vya bafuni, na sasa anauliza: "Shikamoo kaka. Desemba tunataka kufunga wiki mbili watu waende makwao. Tukirudi tunawasha tu, au kuna utaratibu?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenifurahisha, maana wengi huniuliza rola, yale magogo ya duara yanayobeba kioo ndani ya tanuru, zikishapinda. Halafu ndoto yako ndiyo yangu: kioo kigumu kichomwe huku huku Nyanda za Juu, kisitoke Dar na kupanda Kitonga kwa maombi.

Tanuru lako lisikuchanganye na yale ya kuyeyusha mchanga, kama la Mkuranga. Yale yakishawashwa huwaka usiku na mchana kwa miaka 10 na zaidi. Letu linapokea kioo kilichokwisha kutengenezwa, linakipasha kupita nyuzi 620, kisha bloa, yaani feni kubwa za hewa, zinakipuliza ghafla ili kikomae. Letu linakubali kuzimwa, na ndiyo sababu watu hulidharau.

Nilipokuwa fundi wa zamu katika kiwanda kimoja hapa Mbeya, mwisho wa mwaka ulikuwa vurugu. Uongozi ulitaka oda zitoke hadi saa ya mwisho, huku vijana wameshakata tiketi za Kyela na Sumbawanga na mabegi yako mlangoni. Mtu wa namna hiyo anazima mashine huku akili iko stendi. Nikasema siku ya kuzima ipewe siku yake, bila oda hata moja. Meneja akanijibu mbele ya vijana wangu kwamba napenda kujifanya injinia. Neno lile liliniuma, na sitasema uongo, bado linaniuma. Lakini sikurudi nyuma, na siku ile nikapewa.

Tulianza kwa kulitoa tanuru kioo chote. Tukazima hita, tukafunga milango, tukaacha rola zizunguke. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Rola za kauri zikisimama ndani ya joto lile hulemewa na uzito wake zenyewe, zikipinda kila kioo kitatoka na mawimbi. Kwa hiyo zinazunguka usiku kucha mpaka joto lishuke hadi kiwango alichoandika mtengenezaji. Na usifungue milango ili lipoe haraka, kauri haipendi ubaridi wa ghafla. Umeme wa TANESCO ukikatika katikati je? Jenereta ijaribiwe kabla hita hazijazimwa, na fundi mmoja alale pale. Nililala mimi. Mke wangu aliletewa habari kwamba nimehama nyumba, lakini rola zile hazikusimama.

Mashine ya kusaga kingo nayo ioshwe siku hiyo hiyo. Unga wa kioo ukiachwa kwenye tangi la maji unakauka na kuwa kama saruji, Januari mtauchimba kwa tindo. Hewa ya kompresa itolewe yote. Swichi kuu ipigwe kufuli, ibandikwe karatasi yenye jina la aliyefunga, na ufunguo akae nao yeye.

Vioo vilivyobaki stoo ndivyo vinavyoua watu. Kioo cha milimita 10, mita 3.21 kwa 2.25, kina kilo 180 hivi, na kwenye stendi vinasimama vingi. Usipunguze upande mmoja wa stendi ukaacha mwingine umejaa, na usiache kimoja kimeegemezwa ukutani eti tutakirudisha. Kagua bati pia. Desemba kwetu ni mvua tupu, na maji yakipenya kati ya kioo na kioo huacha weupe usiotoka kwa sabuni yoyote.

Januari tukarudi. Hatukugusa swichi hadi tumefungua paneli zote kutafuta panya na unyevu. Kinga ya joto ya tanuru hunyonya unyevu tanuru likilala baridi, kwa hiyo joto linapandishwa kwa ngazi, polepole, rola zikizunguka tangu mwanzo. Wateja walikuwa wanapiga simu. Wapige.

Mwaka huo huo uongozi ulileta mtaalamu kutoka Dar asimamie kuwasha. Akafuta vipimo vyetu vya bloa, akaweka vya huko kwao. Nikamwambia Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa huku ni kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani, bloa ikizunguka kwa kasi ya Dar itapuliza hewa pungufu. Akacheka. Nikaomba jambo moja tu, kioo cha kwanza tukivunje. Kipimo cha Ulaya, EN 12150, kinataka kioo cha milimita 4 hadi 12 kikivunjwa kitoe vipande visivyopungua 40 ndani ya mraba wa milimita 50 kwa 50. Chetu kilitoa mapande marefu kama visu. Kile kingeenda kuwa mlango wa duka la mtu pale Mwanjelwa, mtoto akaegemea.

Bloa zikaongezwa kasi, cha pili kikavunjika vizuri. Ripoti iliyoandikwa haikunitaja. Sawa. Ila wewe unayesoma, usikubali mtu yeyote, awe na cheo gani, awe na suti gani, akuzuie kuvunja kioo cha kwanza. Gharama ya kioo kimoja isikutishe. Usiuze kabla hujavunja. Na usiwashe kwa pupa. Na usizime kwa pupa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka karakana yako isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, kasajili. Mkaguzi akija usimkimbie, mkaribishe akague stendi zako. Vijana wanaokufanyia kazi wana mama zao.

Sasa mdogo wangu, fanya hivi wiki hii. Andika ubaoni tarehe ya kuzima na tarehe ya kuwasha, kila moja na siku yake isiyo na oda. Waambie wateja mapema. Na kwa kuwa tanuru lako ni la mtumba, muombe aliyekuuzia kitabu chake. Kikiwa cha Kichina, tafuta mtu akutafsirie kurasa za kupasha na kupoza, uzibandike pembeni ya swichi kuu. Ukizipata nitumie picha, tuzipitie pamoja kabla ya Desemba.