Jibu: Kikohozi cha mama baada ya kuanza enalaprili

Mkuu, umeuliza kwa nini mama anakohoa tangu aanze enalaprili, dawa ya presha, wakati mzee anameza kidonge kilekile na yuko fiti. Usikimbilie kulaumu vumbi la Dodoma. Mimi nililaumu upepo miezi miwili kwa mama mkubwa, kumbe ni dawa.

Kuna kimeng'enya kinaitwa ACE. Kinatengeneza angiotensini 2, inayobana mishipa, na hapohapo kinavunjavunja bradikinini, kemikali nyingine ya mwilini. Dawa ikikizuia, presha inashuka, ila bradikinini inarundikana kwenye njia ya hewa. Ndiyo kile kikohozi kikavu, koo linawasha, hakuna makohozi, usiku halali mtu. Wanawake kinawapata zaidi kuliko wanaume.

Asiache dawa kienyeji! Arudi kliniki aulizie losartani, dawa nyingine ya presha. Hiyo haikigusi kimeng'enya, inaziba tu mlango wa angiotensini. Kikohozi huchukua wiki kadhaa kuisha, msikate tamaa siku ya tatu. Ila akivimba midomo au ulimi, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.