Mtafutie wa kumfunga

Tanga, Ngamiani

Mwanangu Rukia,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili na mama yako, mara ya tatu peke yangu tena, kwa kuwa mama yako alizungumza juu yake mwanzo mpaka mwisho. Sisi wazima. Goti lake linaendelea vizuri, ila la ngazi hasikii la mtu.

Unauliza umtoe Faraji shule asomee nyumbani, apate muda wa sataranji kama yule kijana wa New Jersey aliyembandika ukutani. Huyo Abhimanyu Mishra nimemsoma. Baba yake alimchukua wakaenda Budapest mwaka 2021, wakapiga kambi, mtoto akitoka mashindano haya anaingia yale, mpaka tarehe 30 Juni akaupata ugrandimasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa sataranji, akiwa na miaka 12, miezi 4 na siku 25. Rekodi ya Karjakin ya kuwa grandimasta mdogo kuliko wote, iliyokuwapo tangu 2002, ikaanguka. Na Septemba 2025 kule Samarkand akamfunga Gukesh, bingwa wa dunia mwenyewe. Mashaallah. Lakini habari yake bado mbichi, na mimi vitu vibichi sivisemi.

Ninayemjua mimi ni Bobby Fischer. Hilo jina umekua nalo, hata paka wetu kaka yako alimwita Bobby. Mwaka 1972 nilikuwa karani kijana bandarini, na baharia mmoja Mrusi, wa meli iliyokuja kupakia katani, ndiye aliyenionyesha farasi anavyoruka. Wakati huo Fischer, Mmarekani, na Spassky, Mrusi, walikuwa Reykjavik, Iceland, wakigombea ubingwa wa dunia, na kila redio ikitoa habari zao yule baharia ananuna kutwa nzima. Meli ilipong'oa nanga aliniachia kijitabu cha Kirusi. Sikuweza kusoma hata neno, lakini picha ya ubao haina lugha. Basi nikaanza kumfuata yule Mmarekani kinyumenyume, kutoka ubingwa kurudi utoto, na mpaka leo sijamaliza.

Alizaliwa Chicago mwaka 1943, akakulia Brooklyn. Baba nyumbani hayupo. Mama yake, Regina, alikuwa msomi mwenye lugha nyingi na hela kidogo, anahamahama na watoto wawili. Mwaka 1949 dada mtu, Joan, akanunua sataranji kwenye duka la peremende, wakasoma karatasi ya maelekezo wakaanza. Bobby ana miaka sita. Joan akachoka upesi. Bobby akabaki na ubao, anacheza mwenyewe kwa mwenyewe.

Sasa sikiliza alichofanya mama. Novemba 1950 aliandika kadi kwa gazeti la Brooklyn Eagle, anataka watangaze kwamba anatafuta watoto wa rika la mwanawe waje wacheze naye. Gazetini hawakujua tangazo la namna hiyo liwekwe safu gani, wakamkabidhi kadi Hermann Helms, mzee wa sataranji mjini pale. Helms akamjibu: mlete kijana maktaba ya Grand Army Plaza tarehe 17 Januari 1951, mchezaji hodari Max Pavey atacheza na watu wengi kwa mpigo. Bobby, miaka saba, akakaa mbele ya ubao wake huku Pavey anapita meza hadi meza. Kama robo saa hivi. Akafungwa, akalia.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikiisoma habari hii. Mama kahangaika kuandika, kapanga siku, kamshika mtoto mkono, na malipo yake ni mtoto kulia mbele za watu. Lakini chumbani mlemle alikuwamo Carmine Nigro, rais wa klabu ya Brooklyn, akaona mtoto alivyocheza kabla ya kufungwa, akamkaribisha klabuni, akamfundisha. Nimekwambia tangu u mdogo: mtoto hapimwi anavyoshinda, hupimwa anavyofungwa. Kumpigia makofi hata jirani anaweza. Kazi ya mzazi ni kumtafutia wa kumfunga.

Nilikwambia, ndiyo. Nilichofanya kilikuwa kingine.

Unaukumbuka ubao wetu wa drafti, kile kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi mwenyewe, ile nyeusi ikachuruzika upande mmoja. Vizibo vya soda vya kulala chali ni vyako, vya kifudifudi ni vyangu. Kila Ijumaa baada ya chakula. Ulikuwa na miaka tisa, kama Faraji sasa, na ulikuwa ukinifunga. Ijumaa kwa Ijumaa. Ukafika mahali ukawa unanionea huruma: "Baba, usisogeze hicho, nitakila." Rukia, nilikuwa nakuachia. Nilikuwa naona cha kula nakipita kama sikukiona, najikuna kichwa, naguna. Kwa sababu ulikuwa ukicheka na ile pengo yako ya mbele, na mimi nimetoka bandarini wiki nzima nafokewa. Ningefanyaje?

Ndipo ukasema nyumbani kumekuwa kudogo, unataka barazani. Nikakupeleka kwa fundi baiskeli, kifua mbele, nikamwambia yule mzee (simtaji, wanawe wapo na tunasalimiana) acheze na binti yangu. Mipango yetu ya Ijumaa hakuijua, na angeijulia wapi? Kizibo chake kimoja kikaruka vitatu vyako kwa mkupuo, kikaingia kingi, na vilivyobaki akavila huku anaagiza kahawa. Dakika tano hazikufika. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Siku zote unasimulia kwamba mzee yule ndiye aliyekuliza, na mama yako hadithi yake ni hiyohiyo, na mimi nimeiacha ipite kwenye maharusi mangapi. Mimi nilikuwa nakutazama. Alipokula kizibo cha mwisho hukulia. Uligeuka kunitafuta, ukanikuta meno nje pamoja nao, ndipo mdomo ukaanza kucheza. Tukarudi wewe mbele, mimi nyuma, na ubao kwapani. Hukuugusa tena. Mama yako anautumia kuwekea sufuria za moto mpaka leo, na kila nikiona alama mpya ya kuungua nakumbuka.

Sasa nibishane na nafsi yangu, maana najua utanibishia. Ningekufunga tangu Ijumaa ya kwanza, ungeendelea? Huenda ungechoka wiki ya pili, kama Joan. Na zile Ijumaa zilikuwa raha yangu kuliko yako. Kuna baba gani asiyemwachia mtoto? Sawa. Lakini ningekuachia mbili, nikakufunga ya tatu. Nilikupeleka barazani hujawahi kufungwa hata mara moja, kama mtu anayetupwa mkondo wa bahari na amejifunzia kuogelea kwenye beseni. Na hata hilo ningelisamehe. Kicheko ndicho kinachonikalia.

Turudi kwa Bobby. Tangu 1951 hadi 1956 hakuna la ajabu, ndiyo maana watu huiruka hiyo miaka: mtoto anakwenda klabu, anacheza na wakubwa, anafungwa, anarudi. Julai 1956, miaka 13, akawa bingwa wa vijana wa Marekani. Oktoba mwaka huohuo, New York, akakutana na Donald Byrne, mmoja wa wachezaji wakubwa wa Marekani. Bobby ana kete nyeusi. Hatua ya 17 akasogeza askofu na kumwacha malkia wake wazi. Byrne akamla malkia. Yaliyofuata Faraji akuonyeshe kwenye ubao, mimi nikiyaandika yanapungua utamu: askofu na farasi wa Bobby wanamsukuma mfalme wa Byrne huku na huku, na kila akisukumwa kinaokotwa kitu. Mpaka vumbi linatulia, kwa malkia mmoja mtoto kachukua ngome, maaskofu wawili na askari.

Byrne aliona mapema kwamba kwisha. Wakubwa huwa wanasalimu amri hapo, wanapeana mkono. Yeye hakusalimu, alimwachia mtoto amalize mwenyewe mpaka mfalme akakosa pa kwenda, hatua ya 41. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka. Mtu kafungwa kweli, kisha akampa mtoto heshima ya kukamilisha. Mimi nilikupa ukamilishaji bila kufungwa.

Na hili watu hawalitaji: katika mashindano yaleyale ya mechi ile na Byrne, inayoitwa mechi ya karne, Bobby alipata pointi nne na nusu tu kati ya kumi na moja. Miezi kumi na tano baadaye, Januari 1958, miaka 14, akawa bingwa wa Marekani nzima bila kupoteza mechi hata moja. Kiangazi akaenda Moscow na Joan, akadai acheze na Botvinnik, bingwa wa dunia wakati ule, wakamletea Petrosian wa mechi za harakaharaka, akanuna kama baharia wangu. Kisha mashindano ya Portorož, Yugoslavia, akashika nafasi ya tano kwa kugawana, na kwa hiyo akawa grandimasta. Miaka 15. Kabla yake hakuna aliyewahi kuupata mdogo kiasi hicho.

Shule, ndiyo, najua umeuliza shule. Aliiacha ana miaka 16. Na usidhani Regina alifurahi, yeye aliyehangaika na vitabu mpaka akaja kuwa daktari ukubwani. Alisema mwenyewe kwamba miaka minne alijaribu kila njia kumtoa mtoto kwenye sataranji akashindwa. Mtu huyohuyo mwaka 1960 akasimama na bango mbele ya Ikulu ya Marekani kudai timu iende Olimpiadi ya sataranji ya Leipzig. Mwaka huohuo akamwachia Bobby nyumba, akaenda zake kwenye maandamano ya amani. Kijana wa miaka 17, peke yake na ubao. Hapo namlaumu. Halafu namwonea huruma, maana wanasema ugomvi nyumbani ulikuwa mwingi na kijana alitaka aachwe. Halafu namlaumu tena. Kumtafutia mtoto wa kumfunga ni jambo moja. Jioni lazima awepo mtu wa kumkuta nyumbani akirudi amefungwa.

Yaliyobaki unayajua. Bingwa wa dunia 1972, mwaka 1975 akakataa kucheza na Karpov, Mrusi aliyekuja kugombea taji, likaondoka bila mechi, na maneno machafu aliyoyasema uzeeni siyaandiki kwenye barua ya familia. Alifia Reykjavik tarehe 17 Januari 2008, tarehe ileile aliyofungwa na Pavey maktabani.

Kwa hiyo Faraji. Hukumu sitoi. Wewe ndiye unayemwamsha asubuhi, na shule za huko Ohio sizijui. Mama yako anayo hukumu yake, ameitoa kwa sauti jikoni, na nimekatazwa kuiandika. Yangu nimeimeza kurasa hizi zote na inanikwama kooni. Ukipiga simu ukaniuliza mara ya pili nitaitema, kwa hiyo usiniulize.

Ila nikwambie nilichokisikia mara ya tatu. Ujumbe wako ni dakika sita. Umetaja vikombe vinne, kimoja kimoja, hata rangi. Umemtaja kocha na bei yake kwa saa. Aliyemfunga hukumtaja hata mmoja. Ama hayupo, ama yupo na wewe hukupenda kumsema, na mimi ningependa kujua ni lipi kati ya hayo kabla hatujazungumza habari ya shule.

Wanaandika kila hatua kwenye karatasi wakicheza, sivyo? Zipige picha unitumie, zile alizofungwa. Za ushindi mtumie bibi yake, keshanunua fremu.

Baba yako