Linux "haijawaka" au "haiwaki"?

Swali: Naandika mwongozo wa kuwasaidia wanaokwama baada ya kusakinisha Linux. Niliandika "Linux haijawaka", mhariri akaweka "haiwaki" na kusema yote ni mamoja. Ni kweli?

Jibu: Mhariri kapatia sahihisho, kakosea sababu. "Haijawaka" ni ya anayesubiri: bado, lakini huenda ikawaka. "Haikuwaka" ni ya tukio lililopita, pengine leo mambo ni shwari. "Haiwaki" ndiyo ya hitilafu inayojirudia kila ukijaribu, na mwongozo huandikwa kwa ajili ya hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni hilo "waka" lenyewe. Feni inazunguka, menyu ya GRUB (programu inayoipakia Linux kompyuta inapowashwa) inatokea, unachagua Linux, kioo kinakuwa cheusi. Hapo kuna kilichowaka na kisichowaka, na mara nyingi kerneli, yaani kiini cha Linux, imeshapakiwa vizuri, ila imeshindwana na kadi ya michoro. Mwambie msomaji aeleze alipofika: "Menyu inatokea, nikichagua Linux kioo kinakuwa cheusi." Sentensi hiyo inamsaidia fundi kuliko "haiwaki" kumi.

Kwenye maelekezo, chunga -ki- na -po-. Ukiandika "menyu inapotokea", umeahidi kwamba itatokea. Kwa kompyuta yenye mfumo mmoja tu, Ubuntu (mojawapo ya matoleo ya Linux) kwa kawaida huificha menyu hiyo, kwa hiyo andika: "Menyu ikitokea, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset mwishoni mwake, kisha bonyeza Ctrl+X." (Nomodeset huiambia kerneli isiichezee mipangilio ya kadi ya michoro inapowaka.) Halafu mpe na upande wa pili: "Isipotokea, washa upya na ubonyeze Esc mara tu nembo ya kompyuta inapopotea." (Kwenye kompyuta za zamani zinazowashwa kwa BIOS ni kushikilia Shift.) Hiyo "inapopotea" naiacha na -po- yake, maana nembo lazima ipotee.

Tena usimalizie kwa "tatizo litaisha". Badiliko lililofanywa ndani ya menyu hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, hivyo "Linux itawaka safari hii" ndiyo kauli ya kweli. Akishaiweka nomodeset kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya faili la mipangilio /etc/default/grub na kuendesha amri ya sudo update-grub, ndipo unaweza kuandika "itakuwa ikiwaka".