Re: Kuna dawa inabadilisha tabia ya nyuki?

Boss wa Kakamega, umeuliza kama ni ukweli kuna dawa inageuza tabia ya nyuki bila kugusa jeni zake, na kama unaweza weka kwa mzinga. Ya kwanza ndio, ya pili zii, hiyo ni kitu ya maabara.

Iko hivi, seli huwa zinabandika alama ndogo za methili juu ya DNA, jeni zenyewe hazibadiliki lakini alama zinachangia jeni gani iwashwe na gani izimwe, sasa kuna enzaimu za kubandika na kuna dawa kama zebularini inazizuia. Watafiti humfunga nyuki kwa kijibomba, wanamnusisha harufu halafu wanampa maji ya sukari, baadaye akinusa tu anatoa ulimi. Aliyepewa dawa bado anakumbuka hiyo harufu, shida ni ukimletea harufu ingine mpya anatoa ulimi pia, anachanganya, kama mtu anasimamisha kila matatu pale Kondele bila kusoma inaenda wapi.

Kwangu iliyo kali zaidi ni ya Australia 2008. Walipunguza Dnmt3, moja ya zile enzaimu za kubandika alama, kwa mabuu (si dawa ya kawaida, walitumia vipande vya RNA kuzima jeni inayoitengeneza) na wengi wakatoka wakifanana na malkia, ovari zimekomaa kabisa, na chakula kilikuwa sawa na cha wenzao ambao hawakupunguziwa, ambao wengi walitoka nyuki vibarua!

Wewe kwa huo mzinga wako wa Langstroth hangaika na siafu, na uongee na jirani asipige dawa ya wadudu mchana maua yakiwa wazi.