Senesio inaganda usiku na haifi, mahindi yangu ya Kahe mchana yanajikunja, kwanini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, napandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Pale kambi ya Horombo usiku chupa ya maji nikiiacha nje inaganda, lakini zile senesio, ile mimea mikubwa ya mlimani, asubuhi ziko nzima tu. Nyumbani Kahe, tambarare chini ya mlima, nina mahindi, namwagilia jioni, kesho yake saa saba mchana majani yameshajikunja. Ule wa juu unawezaje na wangu unashindwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na mizigo. Umeuliza la baridi na la jua, kumbe kwa mmea yote mawili ni tatizo moja, maji kukatika njiani.

Mmea hauna moyo wa kusukuma maji kama sisi. Jani likipigwa na jua linatoa mvuke kupitia vitundu vidogo sana, stomata, na maji yanayoondoka yanavuta yaliyo nyuma yake kwa sababu maji yanashikana, kwahiyo kutoka jani mpaka mzizi ni kama kamba moja ya maji iliyokazwa ndani ya zailemu, mirija midogo inayopandisha maji. Dixon na Joly wa Dublin ndo waliolieleza hili mwaka 1894. Mimi mpaka leo linanishangaza, maana kwenye mlima wetu huu huu kuna mti wa Entandrophragma excelsum uliopimwa ukakutwa na mita 81.5, wakati pampu ya kufyonza ukiiweka juu ya kisima haivuti maji zaidi ya mita 10 hivi. Usiku stomata zikifunga mizizi inasukuma kidogo kwa chini, pita kihambani, shamba la kuzunguka nyumba, alfajiri utakuta tone limening'inia kwenye ncha ya jani la gimbi, watu wanasema umande lakini yale ni maji ya gimbi lenyewe.

Sasa udongo ukikauka na jua likawa kali, kamba inakazwa kupita kiasi, hewa inaingia kwenye mrija na mrija wenye kiputo hauvuti tena. Baridi nayo inafika hapo hapo kwa njia nyingine: maji yakiganda hewa iliyokuwa ndani yake inajitenga, ndo ule weupe unaouona katikati ya barafu, na barafu ikiyeyuka viputo vinaweza kubaki. Alafu barafu inaanzia nje ya seli, inanyonya maji ya ndani, seli inakauka huku imezungukwa na maji yaliyoganda.

Senesio ya Horombo imejipanga kwa hayo yote. Usiku majani yanajifunga kama kabichi, kichipukizi cha katikati kinabaki ndani hakigandi. Majani ya nje yanaganda kweli, yaguse saa kumi na moja alfajiri uone yalivyokakamaa, ila barafu inakaa nje ya seli na seli zake zinavumilia kukauka kwa muda, jua likitoka yanalainika. Shina nalo limevaa majani yake yaliyokufa, hayadondoki, ni koti kabisa, na ndani kuna kiini laini chenye akiba ya maji ambayo mmea unaitumia asubuhi wakati jua limeshatoka na ardhi bado ni ya baridi sana. Naomba sana msiyachomoe yale majani makavu, wewe na wenzako. Venezuela kuna mmea wa milimani unaoishi vilevile, Espeletia, watafiti waliuvua koti lake, shina likapigwa na baridi, maji yakashindwa kupanda na mimea ikafa.

Na lobelia, mmea mwingine mkubwa wa huko huko juu, usiipite. Chungulia kati ya majani yake asubuhi, kuna maji, juu yameganda kama kioo chembamba, toboa kwa kidole, chini ni maji yenye utelezi hayajaganda, humo ndo kichipukizi kimelindwa.

Turudi Kahe. Mahindi kujikunja saa saba ni kujikinga, jani linapunguza eneo la kupigwa na jua kwa sababu mizizi haiwahi kuleta maji kwa kasi yanayotoka. Likifunguka jioni usiwe na wasiwasi. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, ukikuta bado limejikunja ujue udongo hauna maji, chimba kama urefu wa kiganja ukamate udongo mkononi, kama juu ni mbichi na chini ni vumbi basi unamwagilia kidogo kidogo kila siku na mizizi imezoea kukaa juu. Mwagilia mengi kwa mara chache yazame, tandaza mabua makavu kati ya mistari, na yakianza kutoa mbelewele na ndevu usiruhusu yajikunje mpaka asubuhi hata siku moja, hapo ndo punje zinatungwa. Alafu nijibu kitu kimoja, udongo wako ukikauka unaota weupe juu? Maana Kahe kuna sehemu zina magadi, na chumvi inamzuia mmea kunywa hata akiwa amesimama kwenye maji, hiyo dawa yake ni nyingine kabisa.